Kunguru wa Unguja: dawa ilifanya kazi, tukaachia njiani

Ndugu uliyeuliza kama serikali imewahi kuwashughulikia kunguru wa Unguja au imewaacha tu: imewahi, na mwenyewe niliona.

Kunguru hawa si wa kwetu. Waliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Taka walikula, na mayai na makinda ya ndege wetu hawakuyabakisha, kisha wakavuka hadi bara. Mombasa wanawaita kurabu.

Miaka ya 1990 nilikuwa skuli. Ilipita kampeni ya kuwatilia nyama yenye dawa iitwayo DRC-1339. Dawa hii haiui papo hapo. Huharibu figo, ndege akaruka zake akafia mbali saa nyingi baadaye, na wenzake wasijue kilichomuua. Uzuri wake ndio huo, maana kunguru akimwona mwenzake kafa juu ya chakula, chakula hicho hakigusi tena. Walipungua mno. Asubuhi moja chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, alilia kwenye mpapai wa bibi. Bibi akasimama uani, kata ya maji mkononi, hata kuoga akasahau. "Huyu sijamsikia tangu mama yako mwari," akaniambia.

Kisha fedha zikaisha na kazi ikasimama. Wale wachache waliosalia wakazaana, na leo tuko hapa hapa.

Mimi nafuga kuku. Mwaka jana tetea wangu alitotoa vifaranga 11, wakabaki 3. Nikaunda mtego: banda la mbao na waya wa kuku, tundu la kuingilia juu, ndani kunguru hai wa kuwavuta wenzake, ana maji, chakula na kivuli. Mwezi wa kwanza ulinasa sana. Wa pili wakawa wanatua juu ya paa la jirani, wanauangalia tu. Nilipoangusha kiota chao mwembeni nilikuta kimesukwa kwa waya wa kufungia nondo.

Kwa hiyo mtego wa mtu mmoja hautoshi, na kampeni ya msimu mmoja haitoshi. Kenya nao walitangaza mwaka 2024 kuua kunguru milioni moja pwani. Nawaombea wasiishie njiani kama sisi. Kisiwa cha Sokotra, Yemen, walimaliza. Kule walikuwa wachache bado, vijana wakalipwa kwa makinda waliyoshusha viotani, na mwaka 2009 wale 13 wa mwisho wakapigwa risasi. Ninachotaka kwa serikali yetu ni watu wa kudumu wa kazi hii, wenye bajeti ya kila mwaka hata kunguru wakishaonekana wachache. Hasa wakiwa wachache! Na majaa yazolewe, vichwa na matumbo ya samaki yasilale wazi sokoni.

Tafadhali usinunue sumu ya panya ukajitilia mwenyewe. Utaua paka na kuku wa jirani.

Vipimo vya mtego nitakupa ukitaka. Ila uwe na mtu wa kumpa maji yule wa ndani siku usipokuwepo.