Umenyimwa zabuni ya jeshi? Hesabu siku kabla ya kupinga

Nina miaka minane hapa Maryland nikiandaa nyaraka za zabuni katika kampuni ndogo inayoliuzia jeshi la Marekani mahema na vitanda vya kambini. Ndugu zetu kadhaa wameanza kuingia kwenye biashara hii, na swali wanaloniletea ni lilelile: tukikosa, tupinge?

Anza na kalenda. Barua yetu ya kukosa ilifika Ijumaa jioni. Bosi alikasirika, wikiendi nzima ikaishia kwenye simu za malalamiko, na Jumanne ndipo nikaandika kuomba maelezo ya kwa nini tumekosa. Hiyo ilikuwa siku ya nne, na sheria inatoa siku 3. Ningewahi, tungepata siku 5 baada ya maelezo kupeleka pingamizi GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, na mkataba ungesimamishwa hadi uamuzi utoke, isipokuwa jeshi lieleze kwa maandishi kwamba kazi haiwezi kusubiri. Nilipochelewa, tulibaki na siku 10 tangu mkataba utolewe kama tulitaka usimamishwe, na maelezo yalikuja siku ya 12. Pingamizi lilisikilizwa, hata hoja yetu moja ikakubaliwa, lakini kufikia hapo mahema ya mshindani yalikuwa yameshashushwa kambini. Tulirudishiwa gharama za pingamizi tu. Bado inaniuma, maana kosa la tarehe lilikuwa langu.

Halafu pima hoja. "Bei yetu ilikuwa nafuu" haikufikishi popote. GAO huangalia kama jeshi lilifuata vigezo lilivyoandika lenyewe. Mwaka 2008 kampuni za Northrop Grumman na EADS zilishinda zabuni ya ndege za kujaza mafuta angani, Boeing wakapinga. Tarehe 18 Juni mwaka huo pingamizi likakubaliwa. Mojawapo ya sababu ni kwamba Jeshi la Anga lilimhesabia mshindi faida ya ziada kwa jambo ambalo nyaraka za zabuni zilisema halitahesabiwa. Boeing walikuja kupewa mkataba Februari 2011. Miaka hiyo yote marubani waliendelea kurusha KC-135, ndege za kujaza mafuta zilizoundwa miaka ya 1950 na 1960. Siwalaumu Boeing, hoja yao ilikuwa ya kweli. Ila GAO ina hadi siku 100 kutoa uamuzi, na ukiwasimamishia watu kazi muda wote huo kwa hasira tu, anayelala bila hema ni askari.

Siku hizi barua ikifika, ombi la maelezo linaondoka saa hiyohiyo. Kisha nachapisha ukurasa wa vigezo, nauweka mbele ya bosi pamoja na kalamu ya njano, namwomba apake rangi mstari uliovunjwa. Mara mbili sasa amenirudishia karatasi ikiwa nyeupe, na hatukupinga.