Chama cha manesi na siasa: majibu ya maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika kwamba chama cha manesi kinachoogopa siasa kinawakata wanachama ada bure tu. Meseji zimemiminika, kuna walionipongeza na kuna walionichamba, sasa nimechagua chache nizijibu hapa.

"Si mdai mishahara tu, siasa muwaachie wanasiasa?"

Ndugu yangu, huo mshahara unatoka wapi kama sio kwenye bajeti, na bajeti inapitishwa na nani? Angalia Kenya 2017, manesi waligoma kuanzia Juni mpaka mwanzoni mwa Novemba, karibu miezi mitano, na ugomvi wenyewe ulikuwa mkataba wa malipo ambao haujasainiwa, huku afya imeshahamishiwa kaunti kwa hiyo serikali kuu na kaunti wanarushiana mpira, na katikati ya yote hayo nchi ikaingia kwenye uchaguzi mkuu wa Agosti. Sasa mtu aniambie hapo mshahara unaishia wapi na siasa inaanzia wapi. Mimi sijaona.

"Nitajie kitu kimoja tu ambacho siasa za manesi zimemsaidia mgonjwa. Kimoja."

Haya, California, jimbo la Marekani. Chama cha manesi kule kilipigania miaka mingi sheria ya kuweka kikomo cha wagonjwa kwa kila nesi, wenye hospitali wanapinga, miswada inakwama, wanarudi tena. Mwaka 1999 gavana Gray Davis akasaini, ikaanza kufanya kazi Januari 2004: ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, nesi mmoja wagonjwa wawili, emajensi mmoja kwa wanne, wodi za kawaida mmoja kwa sita halafu ishuke iwe watano mwaka unaofuata.

Sasa hapo kwenye "ishuke iwe watano" ndo palipowaka moto. Gavana aliyefuata, Arnold Schwarzenegger, yule wa sinema, akatoa amri ya dharura mwishoni mwa 2004 ya kusimamisha hicho kipengele. Manesi wakaenda mahakamani, na huku nyuma wakawa wanamfuata kila anapokwenda kuchangisha pesa au kuhutubia, akishuka kwenye gari manesi wale pale na mabango, mahakama ikawapa haki mwaka 2005. Novemba mwaka huohuo gavana akaitisha kura maalum na hoja zake nne, moja ikitaka vyama vya watumishi wa umma vipate kwanza ruhusa ya maandishi ya kila mwanachama kabla ya kutumia ada yake kwenye siasa. Zote nne zikaanguka. Yaani alitaka kuwafunga mdomo na wapiga kura wakamkatalia.

Na mgonjwa anapata nini, maana ndo swali lako. Kuna utafiti wa mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake wa 2002 kwenye hospitali za jimbo la Pennsylvania, hukohuko Marekani, waliangalia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wakakuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi, uwezekano wa wagonjwa kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja, sio lazima kimoja kiwe kimezaa kingine, hilo nakubali kabla hamjaniandikia. Lakini nesi yeyote aliyewahi kubaki peke yake usiku na wodi nzima hahitaji kusomewa takwimu.

"Ada yangu inakatwa kwenye mshahara halafu chama kinampigia debe mgombea nisiyemtaka. Hii ni haki kweli?"

Dada, hapa niko upande wako zaidi ya unavyodhani. Pesa ndo mahali vyama vingi vinapojiharibia jina. Nchi nyingine zililiona hili zamani, Uingereza tangu sheria ya 1913 chama kinachotaka kutumia pesa kwenye siasa za vyama lazima wanachama wapige kura kukubali kuanzisha mfuko wa siasa, mfuko huo unakaa peke yake, na mwanachama asiyetaka ana haki ya kutochangia bila kunyanyaswa. Marekani nako ada ya chama hairuhusiwi kwenda moja kwa moja kwa mgombea wa Bunge la nchi au wa urais, wanaotaka kumchangia wanachanga kwa hiari kwenye mfuko tofauti (japo tangu hukumu ya 2010 ya Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo chama kinaweza kutumia pesa zake kufanya kampeni kivyake bila kumpa mgombea, kwa hiyo mlango wa nyuma upo).

Wewe fanya hivi: tafuta katiba ya chama chako, soma sehemu ya fedha, kisha andika barua kwa mweka hazina uulize shilingi ngapi, au dola ngapi, zimekwenda kwenye siasa na nani aliidhinisha. Akikujibu kwa matusi, hayo nayo ni majibu, peleka mkutano mkuu.

"Niko hospitali ya serikali, bosi kasema mtumishi wa umma haruhusiwi kuwa kwenye chama chenye mambo ya siasa."

Bosi anachanganya vitu viwili. Mkataba wa 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, unampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na waliotajwa kwamba nchi inaweza kuwawekea utaratibu wao ni jeshi na polisi, manesi hawamo. Kinachozuiwa sehemu nyingi ni mtumishi kufanya kampeni za chama cha siasa akiwa kazini, na hapo bosi ana hoja. Kwa hiyo tisheti ya mgombea iache nyumbani, na usimhubirie siasa mgonjwa aliyelala kitandani, yeye hawezi hata kuinuka akuondokee.

"Mkigoma watu wanakufa. Siasa gani hiyo?"

Swali zito. Hata hilo Shirika la Kazi Duniani linakubali hospitali ni huduma ambayo mgomo unaweza kuwekewa mipaka au kuzuiwa, ila linasema ukimnyima mtu mgomo lazima umpe njia nyingine ya haki, mfano msuluhishi asiyeegemea upande. Serikali nyingi zinapenda nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Marekani sheria inataka notisi ya siku 10 kabla ya kugoma hospitalini, ili mipango ya wagonjwa ifanyike. Na msidhani manesi wanakimbilia mgomo, chama kikubwa cha manesi Uingereza, Royal College of Nursing, kilianzishwa 1916, kikawa na sera ya kutogoma mpaka 1995, na mgomo wake wa kwanza ukaja Desemba 2019 huko Ireland Kaskazini. Miaka zaidi ya mia moja! Ndo maana mimi nasisitiza kuongea na wabunge mapema, chama chenye sikio bungeni hakifiki huko haraka.

"Kwa nini msiwaachie wananchi wapige kura wenyewe kuhusu idadi ya wagonjwa?"

Jimbo la Massachusetts, Marekani, walijaribu 2018. Asilimia kama 70 walikataa. Hospitali zilimwaga pesa kwenye kampeni ya kupinga, na chama kingine cha kitaaluma cha manesi kikapinga pia, sasa mwananchi anaona nesi huyu anasema ndiyo na yule anasema hapana, atafanyaje. Malizeni ugomvi wenu ndani kwanza.

"Chama kimtangaze mgombea au kikae kimya?"

Mimi nasema kitangaze hoja, sio mtu, isipokuwa wanachama wenyewe wamepiga kura wakamtaka. Mgombea akishinda kwa kura zenu anawasahau, akishindwa aliyeshinda anawakumbuka vizuri sana. Wapeni wagombea wote karatasi moja yenye maswali yaleyale, uwiano wa nesi na wagonjwa, ajira za waliomaliza chuo, malipo ya shifti za usiku, wajibu kwa maandishi, kisha bandikeni majibu yote kwenye mbao za matangazo za chama pamoja na majina ya waliogoma kujibu.