Re: Vishikio vya ncha ya vidole vinanimaliza, nifunge gumba au nisifunge?

Mkuu umeuliza mbona ukipanda mawe, ukikamata kijiwe chenye ukingo mwembamba kama sarafu vidole vinakata moto fasta wakati pushapu unapiga za kutosha, na kama ni sawa kufunga gumba, yaani kulilaza juu ya kidole cha shahada. Hilo la gumba ndo lililonitia adabu mimi.

Napandia mawe ya huku Mwanza, karibu na ziwa, godoro chini na mshkaji wa kunidaka. Nilikuwa nafunga gumba kila kishikio, maana kweli kinabana, unajiona mjusi. Siku hiyo mguu ukateleza, uzito wote ukahamia kidole cha pete cha kulia, nikasikia PAA kama kijiti kimevunjika. Usiku tonge la ugali halifinyangiki nikaanza kula kwa kushoto, bi mkubwa alivyonitolea macho we acha tu.

Kumbe vidoleni hakuna misuli ya kukunjia, misuli iko huku juu kwenye kigasha, inavuta kwa kano, na kano zimebanwa kwenye mfupa na vijipete, kama mshipi unavyopita kwenye pete za fimbo ya kuvulia samaki. Ukifunga gumba kiungo cha kati kinakunjika sana, mshipi unataka kuruka kutoka kwenye kona, pete ndo zinabeba mzigo, hasa ile ya shina la kidole. Mguu ukichomoka ghafla inakatika. Nilikaa miezi miwili bila kugusa jiwe.

Siku hizi kiungo cha kati nakiacha kama nyuzi 90, gumba linakaa pembeni, na ukingo ukiwa mnene kidogo nanyoosha vidole kabisa. Kufunga ni pale tu sina ujanja, na sirukii kishikio kidogo hata iweje. Na kabla sijavuta naangalia miguu: ncha ya kiatu imekaa? Kiuno kiko karibu na jiwe? Mara nyingi anayelalamika vidole, tatizo lake ni matako yako nje. Nenda asubuhi pia, granaiti ikishapigwa na jua la saa sita vidole vinatoa jasho, chaki uliyopaka mikononi yote inageuka uji.

Ubao wa kuning'inia, ule wa kufanyia mazoezi ya vidole, usiununue kwanza kama una miezi michache tu, kano zinakomaa taratibu kuliko misuli.

Halafu hujasema unapandia viatu gani, maana kama ni raba za kawaida hapo hata sio kesi ya vidole.