Kocha amemnunulia njumu, sasa ataka kusafiri naye

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 13 na anachezea timu ya mpira ya vijana hapa Kisauni, Mombasa. Kocha anampenda sana. Amemnunulia njumu, humpa nauli, na usiku humwandikia WhatsApp mpaka saa nne. Sasa asema kuna mashindano Nairobi. Atawachukua watoto watatu kwa treni ya SGR, na ili kupunguza gharama watalala naye chumba kimoja. Shemeji yangu asema nikikataa nitamzibia mtoto riziki, tena kocha ni mtu wa msikitini. Roho yangu yakataa lakini ushahidi sina. Nifanyeje?
Mama, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ushahidi hautakiwi hapa. Umeulizwa mwanao alale wapi, na hilo mzazi hulijibu bila kufika mahakama ya watoto Tononoka. Asilale chumba kimoja na mtu mzima asiye mzazi wake, awe kocha, awe nani.

Mwendee kocha uwanjani umwambie ana kwa ana: mwanao atasafiri ikiwa watu wazima watakuwa wawili au zaidi, mmoja wao mzazi, na watoto wawe na chumba chao. Habari za timu zipitie kundi la wazazi. Kumwandikia mtoto usiku kukome. Hizo njumu shukuru, kisha uliza kwa nini amenunuliwa yeye peke yake. Kocha mwema atakubali papo hapo, kwa kuwa sharti hili humkinga na yeye asije akazuliwa jambo. Akighadhibika, akakwambia humwamini, basi Nairobi na waende bila mwanao. Mashindano hayaishi. 

Shemejiyo namheshimu, lakini sifa za mtu hazimlindi mtoto. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Wazazi walimwamini mno, hata wengine walikuwa wamekaa chumba kilekile akiwadhulumu binti zao, amejikinga kwa mwili wake wasione. Tangu 1997 kuna wasichana waliomlalamikia kwa kocha. Hukumu ya dhuluma hizo ilikuja 2018, baada ya wanawake zaidi ya 150 kueleza mahakamani aliyowatenda.

Nami nina langu. Nilikuwa na miaka 15, mfungaji wa netiboli, na kocha wetu alikuwa na desturi ya kunibakisha ghalani tuhesabu mipira. Mipira yenyewe ilikuwa sita. Yale aliyokuwa akiyafanya nilimwambia mwalimu mmoja, akaniambia ninyamaze, fainali i karibu. Nikanyamaza. Kombe tukalichukua, na mimi sikushika mpira tena. Mama yangu amekufa hajui kwa nini niliacha, na hilo laniuma kuliko ghala lenyewe. Ndiyo maana nakwambia: hiyo roho inayokataa isikilize.

Zungumza na mwanao kabla ya kuzungumza na mtu mwingine. Usimkalishe chini kama polisi. Nenda naye dukani, umuulize njiani. Mtoto wa kiume ana hofu mbili: kupoteza namba kwenye timu, na kuitwa majina na wenzake. Kwa hivyo anza wewe: "Lolote utakaloniambia, mpira sitakunyima, wala sitakupigia kelele." Kisha muulize kocha humwandikia nini, na kama kuna siri aliyoambiwa asimwambie mama. Akinyamaza, mwache, umrudie siku nyingine.

Mungu apishe mbali, lakini akikwambia ameshaguswa, usiende kumkabili kocha, na usimwogeshe mtoto wala usifue nguo zake. Mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara siku hiyohiyo, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Ripoti kwenye dawati la jinsia kituo cha polisi. Nambari 116 ya watoto ni ya bure, hata usiku wa manane. Wazee wa mtaa wakija na pole zao kutaka yaishie nyumbani, wafungie mlango. Aliye chini ya miaka 18 kwa sheria ya Kenya ni mtoto, na kesi ya namna hii haina suluhu ya barazani.

Wale watoto wawili wengine wana mama zao pia. Watafute leo, kabla ya tiketi kukatwa, muende uwanjani watatu. Kisha niandikie alivyojibu kocha.