Msanii kasema baada ya mafuriko: nimepata dhambi kusambaza maneno yake?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi bondeni huku Korogwe. Mvua za vuli Mto Mkomazi ulifurika usiku, tukakimbilia darasani shule ya msingi. Mzee jirani yetu alichukuliwa na maji. Cherehani yangu niliyokuwa nikishonea imekwenda. Siku ya sita hatujaona unga wala turubai, akaja msanii mmoja mkubwa wa Bongo Fleva na magodoro. Akajirekodi video akisema msaada haujafika, wakubwa wanatuchukia kwa sababu hatukuwapigia kura, na moto unawangoja. Nikaituma kwenye magrupu. Ijumaa khatibu akasema mafuriko yale ni adhabu kwa wakazi wa bonde, anayemlaumu kiongozi anapinga qadar (makadirio ya Allah), na wasanii hawana haki ya kusemea mambo ya umma. Shemeji yangu ananiita mfitini. Mume wangu anataka niifute na nikamwombe radhi mwenyekiti wa kijiji. Je, nimepata dhambi? Na yale magodoro tuyalalie?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Poleni sana, na Allah amrehemu mzee wenu.

Swali lako limenifikia hapa Tanga mjini likaninyima raha, na kilichoninyima raha si video. Ni ile kauli ya mimbarini kwamba waliofikwa na maji wameadhibiwa. Maimamu wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kwa sahaba Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahesabu mashahidi watano, na miongoni mwao ni aliyekufa maji na aliyeangukiwa na kifusi. Mzee wenu alikuwa Muislamu, amekufa maji, na tunamtarajia daraja hiyo. Waambieni wanawe hivyo kabla hamjawaambia jambo lingine lolote. Najua khatibu ataleta aya ya Suratu Shura, kwamba msiba unaotupata ni kwa yaliyochumwa na mikono yetu. Aya hiyo ni ya kila mtu kujitazama mwenyewe. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kuichukua na kumsomea mwenzake aliye juu ya matope. Mtume amesema wanaopewa mitihani mizito kuliko watu wote ni Mitume. Sasa nao tuseme wameadhibiwa?

Ama hoja ya qadar, hii imezoeleka mno na lazima isemwe wazi kwamba si hoja. Mvua ni qadar. Kuchelewa kwa unga siku sita nako kumo katika elimu ya Allah, kama ulivyomo wizi wa mwizi, na hakuna kadhi anayemwachia mwizi kwa sababu hiyo. Wanazuoni wamesema qadar hutajwa penye msiba ili moyo utulie, wala haitajwi penye uzembe ili mzembe asiulizwe. Sayyidna Umar (r.a.), khalifa wa pili, aliporudi njiani asiingie Sham (nchi za upande wa Syria) yenye tauni, sahaba Abu Ubaida alimuuliza, "Unaikimbia qadar ya Allah?" Akajibu, "Ndiyo, tunaikimbia qadar ya Allah kuelekea qadar ya Allah." Na ulipokuja ukame wa mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 Hijria, Umar huyo huyo alijinyima samli mpaka watu wapate, akaandika barua Misri kwa Amr bin al-As alete chakula. Sikusoma popote kwamba aliwaambia wenye njaa kuwa ukame hakuuleta yeye.

Tuje kwa wanaosema msanii anyamaze, au kwamba wakati wa maafa si wakati wa kuuliza. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume alikuwa juu ya mimbari siku ya Ijumaa, akaingia bedui akamkatiza: mali zimeangamia, njia zimekatika, tuombee mvua. Akaomba, ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akasimama tena mtu, safari hii kwa sababu ya mvua yenyewe: nyumba zimebomoka, mifugo imezama. Hakuwa na cheo, hata jina lake hatulijui. Na khutba, mwanangu, ni mahali ambapo hata kumwambia mwenzako "nyamaza" ni kosa! Mtume hakumwambia mtu yule kwamba hana adabu, wala kwamba avute subira kwanza. Aliinua mikono akaomba, "Ee Mola, iwe pembeni yetu isiwe juu yetu." Khatibu wako anaisoma hadithi hii kila akifundisha mlango wa Sala ya kuomba mvua, kisha anapanda mimbari kuwanyamazisha watu wa mafuriko. Nastaajabu. Kama dini ni nasaha, na hadithi inasema nasaha hiyo ni kwa viongozi pia, basi haikuwekewa sharti kwamba mtoaji wake asiwe mwimbaji. Muziki wake una mlango wake, na mimi si miongoni mwa wanaousifu.

Lakini msanii wako naye kakosea, na kosa lake ni la ulimwengu mzima siku hizi. Alisema mambo matatu. La kwanza, msaada haujafika: hilo ni kweli, umeliona kwa macho yako, na Suratu Nisaa imemtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza maneno mabaya. La pili, kwamba wakubwa wanawachukia. Hilo kalijuaje? Usama bin Zaid alipomuua mtu aliyetamka shahada akidai kaisema kwa woga, Mtume alimuuliza kama aliupasua moyo wake.

Tarehe 2 Septemba 2005, siku nne baada ya kimbunga Katrina kupiga Louisiana kule Marekani, mwanamuziki Kanye West aliacha maneno aliyoandikiwa katika harambee iliyorushwa moja kwa moja na televisheni, akasema Rais George Bush hajali watu weusi. Mambo ya kuuliza yalikuwapo tele. Takriban asilimia 80 ya jiji la New Orleans ilikuwa chini ya maji, kwa sababu kuta za kuzuia maji zilivunjika, na mwaka 2006 wahandisi wa jeshi waliozijenga wakakiri kasoro katika usanifu wake. Mkuu wa shirika la maafa alijiuzulu kabla mwezi ule haujaisha. Ila sentensi ile ilihusu kilichomo kifuani, na Bush baadaye aliandika kuwa ni miongoni mwa nyakati mbaya kabisa za urais wake. Mtu aliyepaswa kuulizwa habari za kuta akapata la kulalamikia yeye.

La tatu ni moto. Mwaka 2017, baada ya kimbunga Maria kuivunja Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, mtunzi Lin-Manuel Miranda alimwandikia Rais Trump kwamba anakwenda motoni moja kwa moja. Miezi ikapita watu wakiambiwa waliokufa ni 64, mpaka Agosti 2018 serikali ya kisiwa ikakubali 2,975. Hesabu hiyo ndiyo iliyohitaji kupigiwa kelele. Moto si wetu kuugawa: Muslim amepokea kisa cha mtu aliyeapa kwamba Allah hatamsamehe fulani, Allah akamsamehe fulani yule na kuzibatilisha amali za muapaji.

Basi hukumu yako ni hii. Kusambaza habari ya kweli ya shida yenu si dhambi, wala si fitna. Kusambaza hayo mawili mengine ni kosa: omba maghufira, ifute video, kisha andika kwa maneno yako uliyoyaona, kwa tarehe na idadi ya kaya, bila kukisia. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na nisingependa mama wa watoto watatu aitwe polisi kwa sentensi ya mtu mwingine. Mwenyekiti wa kijiji huna cha kumwomba radhi ikiwa hukumtaja. Mwendee na wenzako kwa jambo jingine: orodha ya walioathirika, nakala kwa mtendaji, nyingine ifike kwa mkuu wa wilaya.

Magodoro yalalieni. Ni hiba, na Mtume alipokea zawadi hata za wasio Waislamu.

Mume wako usigombane naye kwa ajili ya simu. Mwanamume aliyeona nyumba yake ikiingia maji huwa na hofu asiyoisema, na anaogopa kuongeza ugomvi na wakubwa. Mwambie video umeifuta, msomee sehemu ya bedui. Shemeji mwachie yeye azungumze na ndugu yake.

Na cherehani: aliyepoteza chombo cha kazi yake na hana cha kununulia kingine yumo katika maskini wanaostahiki zaka. Imamu Nawawi na wengine katika madhehebu yetu ya Shafi wamesema fundi hupewa kiasi cha kununua kifaa cha ufundi wake. Mpelekee khatibu huyo huyo maneno haya, umuulize zaka ya Waislamu wa hapo inakaa wapi. Wallahu aalam.