Fanya mara moja, liendelee lenyewe

Karibu kila ofisi ina mtu anayeamka siku moja na moto wa kuiokoa dunia. Anabandika karatasi ukutani: zimeni taa, okoeni maji, msitupe taka ovyo. Kwa muda watu wanaitikia. Kisha karatasi inafifia, ncha zinajikunja, na taa zinalala zikiwaka kama zamani. Sisemi hivi kwa kejeli, maana mbandikaji huyo ana nia njema kuliko wengi wetu. Ila kazi yote ameiegemeza kwenye kumbukumbu za watu waliochoka.

Nimefanya kazi miaka mingi upande wa manunuzi na malipo, na huko nimejipatia kipimo kimoja. Kabla hujaanza jambo jema, jiulize kama litahitaji kukumbukwa kila siku. Kama ni hivyo, tafuta namna ya kulifanya mara moja, kisha liendelee hata ukiwa likizo.

Tuchukue hizo taa. Balbu ya LED hutumia umeme pungufu kwa takriban asilimia 75 ukilinganisha na zile za zamani zenye waya unaowaka ndani, na hudumu miaka mingi. Ukishaifunga, hata anayesahau kuizima analeta hasara ndogo. Vyooni na kwenye korido weka swichi inayojizima yenyewe. Karatasi ya ukutani unaweza kuibandua.

Maji yalinifundisha zaidi. Kulikuwa na koki nyuma ya stoo iliyokuwa ikidondosha tone baada ya tone, na chini yake mtu alikuwa ameweka ndoo. Mama wa usafi aliimwaga asubuhi na jioni. Kila aliyepita aliiona ile ndoo akajua jambo linashughulikiwa, akaendelea na safari zake. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Fundi alipoifungua alinionyesha kosa lenyewe kiganjani: kipande cha mpira kimekakamaa, kimepasuka upande mmoja, kidogo kuliko kifungo cha shati. Alikibadilisha, akafunga, akaondoka.

Nilimuuliza yule mama kwa nini hakusema mapema. "Nilisema, mwanangu. Nikaambiwa niandike fomu, fomu ikasubiri saini." Basi tukaondoa saini. Kwa matengenezo madogo yasiyozidi kiasi fulani, yeye mwenyewe akapewa namba ya fundi na ruhusa ya kumwita, na risiti inaletwa baadaye. Tangu hapo koki, masinki na vitasa vya milango havikai na ubovu. Mwenye biashara akiniuliza aanzie wapi, humwambia atafute ni nani anayeliona tatizo kwanza, halafu aangalie kama mtu huyo ana mamlaka ya kulitatua. Mara nyingi hana, na kumpa hakugharimu chochote.

Sasa nije kwenye jambo nisilolisikia likitajwa kabisa watu wanapozungumzia kuisaidia dunia: kulipa ankara za watu wadogo kwa wakati. Kampuni itachangia misaada mwisho wa mwaka, ipige na picha, huku fundi seremala aliyewatengenezea viti bado anazungushwa. Mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Ankara inafika, inalala mezani kwa mkuu wa idara, inavuka kwenda kwa mhasibu baada ya orodha ya malipo ya mwezi kufungwa, na wa kuidhinisha amesafiri. Kampuni kubwa inayowauzia bidhaa itastahimili. Mtu mwenye wafanyakazi wawili atakopa kwa riba ili awalipe, na faida ya kazi yake inaishia kwa mkopeshaji. Umoja wa Ulaya ulilitungia jambo hili sheria mwaka 2011: ofisi za umma zilipe kwa kawaida ndani ya siku 30, na makubaliano kati ya kampuni yasizidi siku 60 isipokuwa wamekubaliana waziwazi na bila kumwonea mdai.

Huhitaji kusubiri sheria. Sisi tuliwatenga wauzaji wadogo wakawa kundi lao kwenye programu ya malipo, wakilipwa kila wiki badala ya kila mwezi, na akateuliwa mtu wa pili wa kuidhinisha wa kwanza asipokuwepo. Kazi ilikuwa hiyo tu, na fedha ni zilezile ambazo zingetoka. Mara ya kwanza mpango ulipoanza kufanya kazi, dada mmoja anayetushonea sare alinipigia akiwa na wasiwasi: "Kaka, kuna hela imeingia kwangu. Ni yangu kweli, au mmekosea mtu?" Nilicheka, lakini swali hilo lilinikaa. Mtu amefanya kazi, amelipwa haki yake, anadhani ni makosa.

Nyumbani, penye uzito mkubwa ni chakula. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 zaidi ya tani bilioni moja za chakula zilitupwa na kaya, migahawa na maduka, na sehemu kubwa, karibu asilimia 60, ilitoka majumbani. Chakula kinachooza dampo bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha joto angahewa takriban mara 80 kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dioksidi. Hapa pia nakwepa kutegemea kumbukumbu. Chagua rafu moja ya jokofu, iwe usawa wa macho, ya vitu vya kuliwa kwanza. Kinachokaribia kuharibika kinahamia pale, na anayefungua kutafuta chochote anakutana nacho. Ofisini, agiza chakula cha mkutano kwa idadi ya waliothibitisha, si ya walioalikwa.

Vifaa vya umeme ni hesabu fupi. Simu huchafua hewa zaidi inapotengenezwa kuliko inapotumika, hivyo kubadilisha betri na kuendelea nayo ni bora kuliko kununua mpya iliyoandikwa ni rafiki wa mazingira.

Kuchangia damu ndilo jambo linalogomea kipimo changu, kwa sababu lazima ulirudie. Damu haitengenezwi kiwandani. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 42 kwa kawaida, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano hadi saba tu, ndiyo maana foleni ndefu siku ya ajali haitoshi: wiki mbili baadaye chembe sahani za siku ile zimeshakwisha muda. Wanaohitajika ni wachangiaji wa kila mara. Lakini hata hapa mwajiri anaweza kufanya kitu kimoja kikadumu, nacho ni kuandika kwenye kanuni za kazi kwamba saa za kwenda kuchangia hazikatwi mshahara. Nimeona watu wenye moyo kabisa wakikwama kwa sababu ya kuogopa kuomba ruhusa.

Kwa kipimo hichohicho, nimeacha kuchangia siku za kupanda miti zisizo na jina la mtu wa kumwagilia. Nikiletewa barua ya mchango nauliza kwanza ni nani atakayekuwa pale kiangazi. Wengine hukasirika. Mmoja alirudi na jina, tukamlipia mmwagiliaji badala ya fulana za siku hiyo.

Kama wewe si bosi, usiende na kampeni wala hotuba. Nenda na bili ya maji, onyesha koki, omba ruhusa moja yenye kikomo cha fedha, na uiombe kwa majaribio ya miezi mitatu. Mabosi wengi hukataa sera mpya kabla hujamaliza sentensi, ila majaribio huyapitisha, na miezi mitatu ikiisha huwa hakuna anayekumbuka kuyasitisha.