Sanduku la harusi la dada, na lile la kwanza lililopasuka

Mi si seremala. Kazi yangu kutengeneza simu hapa Bombo, Uganda, mbao nazishika Jumapili tu, lakini nishatengeneza masanduku matatu na la kwanza ndo lilinifunza zaidi manake lilipasuka. Tulikuwa tumelala, Januari, jua limewaka wiki tatu bila tone la mvua, tukasikia paa! Na ukikaa jirani na kambi ya jeshi, mlio wa namna hiyo unalala chini kwanza ndo uulize. Asubuhi nakuta kifuniko kimechanika upande hadi upande, ufa unaingiza sarafu ya mia mbili.

Kosa langu mwenyewe. Mbao nilitoa Ndeeba, kule Kampala wanakouza mbao, mvule, muuzaji akaniapia "kavu kabisa ssebo", nikazipandisha juu ya teksi, kesho yake nishaanza kukata. Halafu chini ya kifuniko nikapigilia papi mbili, yaani vipande vyembamba vya mbao, za kukingama, gundi na misumari kila mahali, nikijua naongeza nguvu. Kumbe ubao unanywea kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana hata huoni, sasa zile papi zilikuwa zimeushika usisogee nao unaendelea kukauka, lazima upasuke.

Kwa hiyo muuzaji muache aape, wewe tafuta mizani. Mi naazima ile ya kuning'iniza ya jirani anayeuza samaki, napima kila ubao, naandika kilo kwa penseli palepale juu yake, napanga kivulini na vijiti katikati hewa ipite, wiki ijayo napima tena. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu nne mfululizo, hapo anza. Mbao za sanduku la dada nilizingoja miezi minne, mama mpaka akauliza hii harusi ni ya mtu ama ya mbao.

Kuta nne hazisumbui. Laza nyuzi za mbao zizunguke sanduku zote kwa mlalo, pembe tia gundi utakavyo, manake zikinywea zinanywea pamoja. Mi pembe nilikata yale meno ya mkia wa njiwa, yalinitoa jasho, na ukiinama karibu kuna mawili nimeziba kwa unga wa mbao na gundi, hajaona mtu mpaka leo.

Shida iko chini na juu. Sakafu naichimbia mfereji ndani ya kuta, ubao unaingia bila gundi hata tone, naachia kama milimita 4 kila upande. Kifuniko papi bado zipo ila sasa ni skrubu tu, ya katikati tundu la kawaida, za pembeni tundu nalirefusha kwa tupa liwe kama punje ya haragwe, limelala kufuata upana wa kifuniko, ili mbao ikivuta skrubu iteleze humo.

Mvule yenyewe mbao nzuri, mchwa hawaiwezi kirahisi, lakini ndani yake unaweza kukuta vijiwe vyeupe vigumu, siku moja nilinoa randa mara tano nikaitupa pembeni nikaenda kunywa chai. Na vumbi lake linawasha vibaya, funga pua na mdomo.

Vanishi paka nje tu. Ndani harufu yake inang'ang'ania nguo, na dada alitaka gurbaba zake, zile nguo za wanawake wa Kinubi, zinukie udi, si duka la rangi.

Halafu kama nyumbani kuna watoto, komeo la kujifunga lenyewe usiweke kabisa, na toboa matundu ubavuni mwa sanduku, mgongoni ukuta unaweza kuyaziba, mtoto akijificha humo kifuniko kikafunga anaweza kukosa hewa. Weka na mkono wa kukishikilia kifuniko kikiwa wazi, kisimwangukie vidole. La dada lilikaa kwetu siku tatu tu kabla ya kupelekwa, siku ya pili mtoto wa kaka katafutwa nyumba nzima, tukamkuta amekaa humo ndani, kifuniko wazi, anakula mandazi.